Mwenye Kuonja Kwanza

Siku Loy Aboth alipokwenda kujiandikisha kusomea kazi ya baa, karani wa chuo alimtaka athibitishe kwanza kwamba ametimiza umri wa miaka kumi na nane.

Loy alikuwa na miaka hamsini na moja. Mvi zake zilikuwa zimekwisha kukishinda kitambaa, magego mawili yalikuwa yamemuaga, na binti yake Babra, mwalimu wa shule ya msingi kule Molo, upande wa Uganda, alikuwa na watoto wawili wa kwake. Alimkodolea macho yule karani, kijana nadhifu aliyefunga tai mpaka shingo ikamkaza, akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Karani alimweleza kwa upole kwamba sheria ya pombe, huku Kenya na kule Uganda, haimruhusu mtu aliye chini ya miaka hiyo kukaa mbele ya kaunta wala kusimama nyuma yake, na kwamba chuo hakiandiki jina la mtu kabla hakijaona kitambulisho, awe nani.

"Kijana," Loy akasema, "wewe naona mimi mtoto?"

"Mimi ninaona vizuri, mama. Fomu ndiyo haioni."

Jibu lilimpendeza Loy, akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akafungua mfuko wake wa nailoni, ule anaoufunga kwa fundo ambalo yeye peke yake hulifungua, akatoa kitambulisho. Karani akasoma tarehe, akapiga hesabu kwa vidole kama vile jibu lingeweza kumshangaza, akaandika. Hivyo ndivyo bibi wa watu alivyothibitishwa kuwa mtu mzima, kwenye ghorofa ya kwanza juu ya duka la misumari na rangi mjini Busia, upande wa Kenya.

Kwa miaka ishirini na sita Loy alikuwa akiuza malwa mjini Tororo, kule Uganda, kwenye kibanda cha mabati karibu na reli. Malwa ni pombe ya ulezi, na haina haja ya glasi wala kaunta. Chungu huwekwa katikati, watu hukizunguka kwenye viti vyao, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye kibanda hupita na birika akiongeza maji ya moto kadiri wanavyovuta. Inaonekana kazi ndogo kwa mtu ambaye hajawahi kuifanya. Ulezi wenyewe ulitoka shambani kwake Molo, na Loy aliujua tangu ukiwa kwenye suke mpaka unapoanza kuchemka bila moto ndani ya pipa.

Kibanda chake kilikuwa na kanuni, ingawa hazikubandikwa popote. Mtu hapulizi ndani ya mrija. Mtu hainuki kwenda zake bila kuaga chungu kizima. Na aliyelewa hakufukuzwa. Loy aliuchukua mrija wake akisema unahitaji kusafishwa, akaenda nao nyuma ya kibanda, na usafishaji huo ulichukua muda wote uliohitajika, mpaka mwenyewe akachoka kungoja, akaaga vizuri, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Miaka ishirini na sita haikuvunjika pua hata moja pale kibandani, na anayewajua wanywaji wa Tororo anajua hilo si jambo dogo.

Kanuni kubwa kuliko zote ilimhusu yeye mwenyewe. Kabla mtu yeyote hajakabidhiwa mrija, Loy aliuvuta kwanza, fundo moja, akameza huku wote wakiona. Ndipo akautoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeushika ule wa kulia kwenye kiwiko, magoti yamekunjwa kidogo. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Maana yake ni kwamba chunguni hamna ubaya, na kama umo, mimi nimeanza. Mgeni aliyepewa mrija usioonjwa angejua kwamba hapo hapendwi, na angekuwa na haki ya kujua.

Ila kazi hiyo haikuwa na jina. Nasema haikuwa nalo kwenye karatasi, maana midomoni mwa watu ilikuwa na majina mengi, mengine si ya kuandika hapa. Babra alipoingia sekondari, fomu iliuliza kazi ya mzazi. Mwalimu aliyekuwa akiijaza aliitazama mikono ya Loy iliyobabuka kwa mvuke, akaandika: hana. Loy alipolazwa kwa malaria, hospitali wakaandika hana. Waliokuja kuhesabu watu walikaa kibandani kwake jua lote la mchana, wakavuta vizuri, wakashukuru, wakaandika hana. Loy hakubishana na mtu. Lakini kila mara neno lile lilimuuma. Alikuwa amemsomesha mtoto mpaka akawa mwalimu kwa kazi ambayo hana.

Basi mwezi wa pili mwaka huu, gari la mwanamke mmoja aitwaye Mable liliharibika Tororo, na mvua ikamsukumia kibandani. Mable alikuwa mtu wa Busia, upande wa Uganda, na alikuwa akimalizia kujenga hoteli ya vyumba kumi na viwili. Alikaa pembeni kwa saa mbili akimsubiri fundi, akaona mengi. Alimwona jamaa mmoja mwenye mabega mapana, dereva wa lori, akianza kupandisha sauti. Alimwona Loy akienda kuusafisha mrija wa jamaa huyo, na alimwona jamaa akingoja, akipoa, akipiga miayo, akiwapungia wenzake mkono na kuondoka. Fundi alipomaliza, Mable akaenda zake. Wiki iliyofuata akarudi, safari hii gari likiwa zima.

"Mama Babra, mimi nataka wewe kwa kaunta yangu," akasema.

"Mimi? Mimi najua chungu tu, nyabo. Mambo ya chupa hapana jua."

"Chupa utafundishwa. Hii ingine yako, hakuna mahali wanafundisha." Mable akamweleza kwamba ameomba leseni ya baa, na kwamba hataki mtu asimame nyuma ya kaunta yake bila cheti cha mafunzo. Wakaguzi wakija, alitaka waone karatasi ya kila mfanyakazi imening'inia ukutani. Kulikuwa na chuo upande wa pili wa mpaka, wiki nane, siku tatu kwa wiki.

"Kwa hiyo karatasi," Loy akauliza, "kwa kazi, wanaandika nini?"

"Mhudumu wa baa."

"Wanaandika kabisa?"

"Kabisa. Na muhuri juu."

Loy akakubali pale pale, birika mkononi, bila kuuliza swali lingine. Mable alirudi Busia akifikiri kwamba amepata mtu wa ajabu kidogo, na hakukosea. Kibanda Loy alimwachia wifi yake Akol kwa siku za masomo, pamoja na maelekezo mengi ambayo Akol alikuwa akiyajua tangu zamani.

Chuo kilitaka pia kadi ya afya. Loy akaenda kliniki moja ndogo mjini Busia, upande wa Uganda, akatolewa damu, akapimwa kifua, akaketi mbele ya karani mzee mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi, aliyekuwa na daftari kubwa la mistari.

"Jina? Umri? Kijiji? Kazi?"

"Mimi nauza malwa, kule Tororo. Sasa nataka kusomea..."

"Hiyo ni kusema hana," karani akasema bila ubaya wowote, na kalamu ilikuwa imekwisha kuandika.

Darasani walikuwa kumi na mmoja, na aliyemfuata Loy kwa umri alikuwa na miaka ishirini na minne. Mwalimu wao, Nathan, alikuwa kijana wa Busia ya Kenya aliyewahi kufanya kazi kwenye mahoteli ya Kisumu, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia. Alimwita Loy "mathe", yaani mama kwa lugha ya mitaani, tangu siku ya kwanza, na Loy hakuchukia. Alijifunza majina ya glasi na akashangaa kwamba glasi zina majina. Alijifunza kuzishika chini, mbali na pale mdomo wa mteja utakapogusa. Alijifunza vipimo, barafu, usafi wa kucha, na namna ya kufuta kaunta bila kumfukuzia mtu maji mapajani. Yote aliyaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa za mtu ambaye hana haraka.

Jambo la umri ndilo lililomsumbua. Kibandani kwake hakuwahi kumuuliza mtu kitambulisho, kwa sababu alimjua mama wa kila mtu. "Huyu najua," alisema Loy, Nathan alipomwonyesha picha ya kijana mwenye ndevu chache ili akadirie. "Huyu nafanana na watu wa mzee Opendi, mteja wangu. Iko na miaka ishirini."

"Ana kumi na sita, mathe. Ni mdogo wangu."

Darasa likacheka, na Loy akacheka nao.

"Kwa kaunta hakuna kujua mtu," Nathan akasema. "Kuna kusoma tarehe. Uso unadanganya, tarehe haidanganyi." Kuanzia hapo Loy akageuka mkali kupita kiasi. Siku nzima alikataa kumpa mwenzake Harriet hata maji ya kunywa kabla hajaona kitambulisho chake, na Harriet alikuwa na miaka ishirini na miwili na mimba ya miezi minne.

Lakini lilipofika somo la kumkatalia aliyelewa, mambo yalibadilika. Nathan alijifanya mlevi, akawafokea mmoja mmoja, na wanafunzi wote walibishana naye mpaka wakakwama. Loy alimsogelea, akaichukua glasi yake, akaiinua kwenye mwanga. "Mzee, hii glasi imepasuka kidogo hapa. Ngoja nakubadilishia." Akaenda nayo. Nathan akangoja. Akaendelea kungoja. Mwishowe akajisikia mjinga kusimama pale peke yake akiyumba, akaenda kukaa. Alama zake za somo hilo zilikuwa za juu kuliko zote tangu chuo kifunguliwe, au ndivyo Nathan alivyosema, na Loy aliamua kumwamini.

Mazoezi yote, hata ya kufungua chupa, walifanya kwa maji yaliyotiwa rangi. Pombe yenyewe na mirija vilifungiwa kabatini mpaka siku ya mtihani, ili visiishe. Hapo ndipo mtego ulipokuwa umejificha, na hakuna aliyejua kwamba ni mtego.

Mtahini aliyeletwa aliitwa Madamu Damalie, Msamia wa pande za Majanji, aliyefanya kazi mahotelini miaka mingi kabla ya kuanza kuwapima wengine. Alivaa suti ya kijivu, na uso wake haukutoa habari yoyote. Alikaa mbele ya kaunta ya chuo kama mteja, na kila mtahiniwa alimhudumia. Zamu ya Loy ilipofika, akaagiza waragi, ile pombe kali ya Uganda, na soda ya tangawizi, barafu, kipande cha ndimu.

Loy alianza vizuri. Alisalimia, akaomba kitambulisho, na Madamu Damalie, mwenye miaka karibu sitini, akakitoa bila kucheka. Akapima waragi bila kumwaga tone. Barafu, soda, ndimu. Nyuma yake Nathan alikuwa ameanza kutabasamu. Kilichobaki kilikuwa mrija. Loy akauchukua, akautumbukiza kwenye glasi, na mkono ulipoushika, mwili ukaendelea na mambo yake wenyewe. Akainama. Akavuta fundo moja. Akameza, huku wote wakiona. Kisha akamkabidhi Madamu Damalie glasi kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, magoti yamekunjwa kwa heshima.

Harriet alijiziba mdomo. Nathan aliangalia dari.

Madamu Damalie akaweka kalamu chini. "Umefanya nini?"

"Nimeonja, madamu."

"Umekunywa kinywaji cha mteja."

"Hapana kunywa. Nimeonja tu. Ndiyo wewe ujue iko salama."

"Mhudumu hagusi glasi ya mteja kwa mdomo. Huo ni uchafu. Na mhudumu hanywi akiwa kazini. Makosa mawili kwa wakati mmoja." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa, kisha naye akaandika.

Kumi walifaulu. Loy hakufaulu. Aliambiwa kwamba anaweza kurudia mara moja, baada ya wiki mbili, na akishindwa tena basi aanze kozi upya mwakani. Mable alipopigiwa simu alisema kweli yake. Angemngojea wiki hizo mbili, lakini hoteli ilikuwa inafunguliwa na kaunta haiwezi kusimama peke yake. Ikishindikana angemchukua Harriet.

Loy alirudi Tororo na aibu yake. Kushindwa angekuvumilia. Lililomchoma ni lile neno, uchafu. Fundo alilolivuta maisha yake yote ili watu wawe na amani, leo limeitwa uchafu mbele ya watoto. Hata hivyo alikuwa anakitaka kile cheti, na alikitaka kwa moyo wake wote. Akajiambia kwamba mkono uliojifunza unaweza kusahaulishwa, na akaamua kuanza siku hiyo hiyo.

Alasiri ile mtu wa kwanza kufika kibandani alikuwa mzee Opendi. Mzee huyu alistaafu kiwanda cha saruji zamani, na kiti chake pale kibandani hakuna mwingine aliyekikalia. Loy akatengeneza chungu, akamimina maji ya moto, akatia mrija. Kisha akabana midomo, akamkabidhi Opendi mrija hivyo hivyo, bila kuuonja.

Mzee aliupokea. Akaushika. Hakuupeleka mdomoni. Wengine watatu waliokuwa wakizungumza habari za bei ya ulezi wakanyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Loy," Opendi akasema polepole, "mimi nimekukosea nini?"

Loy alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliunyakua ule mrija, akavuta fundo kubwa kuliko kawaida, akameza, akamrudishia kwa mikono miwili. Opendi akanywa. Lakini macho yake hayakumwacha, ikabidi Loy akae kwenye kigoda, birika miguuni, asimulie habari yote tangu mwanzo, kaunta, ndimu, suti ya kijivu, mpaka uchafu.

Hawakumcheka, na kwa hilo aliwashukuru. Opendi alifikiri kwanza.

"Huyo madamu, yeye nakunywa namna gani kitu hajui nani ameonja?"

"Sijui, mzee. Na wewe, ukienda kwa harusi, wanakupatia ile ya chupa. Msichana naonja kwanza?"

"Aonje namna gani, na chupa iko na kifuniko?" Opendi alishangaa kuulizwa jambo la wazi hivyo. "Nafungua mbele yangu, mimi naona kwa macho. Ikikuja imefunguliwa huko nyuma, mimi narudisha. Hata ya bure narudisha."

Kila mmoja akawa na kisa chake. Mmoja aliwahi kumrudishia shemeji yake chupa iliyofunguliwa jikoni, na hawajasemezana vizuri tangu Krismasi. Mwingine alisema yeye hungoja asikie kile kifuniko kikilia, asiposikia hanywi. Waligombania zamu ya kusimulia, na birika likawa linapoa, na Loy hakuliona. Alikuwa ametulia tuli, mdomo wazi kidogo.

Kisha akaingia ndani, akachomoa daftari lake la chuo, akafunua mpaka akaipata kanuni aliyokuwa akiitafuta. Ilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, tangu wiki ya pili: chupa ionyeshwe kwa mteja, ifunguliwe mbele ya macho yake. Aliiandika pamoja na habari za kucha na vitambaa vya kufutia, na aliifuata kwa utiifu kila mara walipofanya mazoezi ya chupa, bila kujiuliza ni ya nini. Nathan aliitaja kama utaratibu. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo ndilo fundo la kwanza. Watu wa chupa nao wanaogopa kile kile ambacho watu wa chungu wanakiogopa, nao wamepata namna yao ya kumtuliza mgeni. Loy akafurahi, furaha ya kweli, akatoka nje kuwaongezea wazee maji ya moto mpaka Opendi akamwambia atawaharibia pombe.

Wiki mbili zile alizifanyia kazi. Jumamosi alikwenda Molo, akamketisha Babra nyuma ya meza ya chakula na chupa za soda, akamhudumia mara ishirini. Babra, ambaye kwa desturi ya walimu hapendi kuwa mwanafunzi, alivumilia yote kwa sababu hakuwahi kumwona mama yake akitaka kitu namna ile. Wajukuu waliteuliwa kuwa wakaguzi. Kila midomo ya bibi yao ilipoelekea kwenye mrija, walipiga kelele, na mwanzoni walipiga kelele sana.

Madamu Damalie alirudi na suti ile ile. Akakaa. Akaagiza kile kile, waragi na soda ya tangawizi, barafu, kipande cha ndimu. Nathan alisimama mlangoni akijitafuna kucha alizowakataza wengine kuzitafuna.

Loy aliomba kitambulisho, akasoma tarehe. Kisha akaiweka chupa ya waragi mbele ya Madamu Damalie, jina likimtazama mteja, akangoja mpaka macho yake yameshuka na kuliona. Ndipo akakata lakiri yake pale pale, polepole, ikasikika. Akapima. Chupa ya soda vilevile, ikafunguliwa chini ya pua ya mteja, ikalia. Ndimu akaikata mbele yake. Mwisho akachukua mrija ungali ndani ya karatasi yake, haujaguswa na mtu. Mkono wake ukasita. Babra angejua kwa nini. Loy akauweka mrija kando ya glasi, na karatasi yake, ili mteja aufungue mwenyewe. Glasi akaisogeza kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko. Hilo hakuna kanuni iliyolikataza.

Akabaki amesimama.

"Mbona unasimama?" Madamu Damalie akauliza.

"Nangoja, madamu. Mpaka wewe ukubali."

Madamu Damalie akamtazama. Akachana karatasi ya mrija, akautumbukiza, akavuta kidogo. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu.

"Siku ile nyingine," akasema akiwa bado anaandika, "ungenieleza sababu yako."

"Nilieleza, madamu."

Kalamu ikasimama. "Ni kweli," Madamu Damalie akasema. "Ulieleza." Akatia sahihi.

Siku tatu kabla hoteli haijafunguliwa, Loy alirudi kliniki, maana Mable alitaka kadi mpya ya afya yenye jina la mahali pa kazi. Karani mzee alikuwa pale pale, miwani na uzi wake, daftari lile lile. Alimkumbuka, au alilikumbuka jina. Akafunua nyuma mpaka mstari wa zamani, akauweka kidole, akaanza kuunakili chini. Aboth Loy. Hamsini na moja. Molo. Kazi, akaandika ha-

Loy akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Ngoja, mzee."

Akaweka mfuko wa nailoni mezani. Akalifungua lile fundo mbele ya macho yake, bila haraka. Akatoa cheti, akakigeuza maandishi yamwelekee karani, akangoja mpaka miwani imeshuka. Karani akasoma jina, akasoma kazi, akapapasa muhuri kwa kidole gumba. Akazifuta zile herufi mbili kwa mstari mmoja.

"Sawa, mama. Hii nitarekebisha baadaye."

"Hapana baadaye," Loy akasema. "Andika hapa, mimi nikiona."

Karani akamwangalia juu ya miwani. Kisha akalizungusha daftari mpaka likamkabili Loy, akajipinda kwenye kiti ili aandike kutoka upande, akaandika herufi moja baada ya nyingine: mhudumu wa baa. Loy aliifuata kila herufi. Alingoja mpaka wino umekauka, ndipo akasema asante.